Nyumba ya Andilana

Mtu akipewa mapumziko, apumzike. Kouraichia aliyasubiri mapumziko hayo mwaka mzima wa shule, akifundisha watoto sabini katika darasa la watoto arobaini, na sasa alikuwa nayo: mkeka juu ya mchanga mweupe, bahari ya Andilana imetulia kama maji ya bakuli, kikapu cha machenza, na mume aliyempenda. Kilichobaki ni huyo mume kukaa chini.

"Tadji, kaa."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu chai."

Tadjiddine alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa kibanda chao, skrubu mdomoni, bisibisi mkononi, anakaza bawaba.

"Mlango unakwaruza sakafu," akasema bila kuzitoa zile skrubu.

"Mlango si wako."

"Hata hivyo unakwaruza."

Vibanda vilikuwa vya Bi Zaïnaba, shangazi yake Tadjiddine, aliyewapangisha watalii wa Kizungu msimu wa kiangazi na kuwatoza bei isiyokuwa na haya. Wao aliwapa kile kilichokaribiana na maji, bure. Tangu wafike Tadjiddine alikuwa ameshatengeneza bomba la kuogea, akaunganisha waya wa taa, akapanda juu ya paa kuangalia makuti ambayo hakuna aliyemwomba ayaangalie. Usiku aligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Akimkumbatia mkewe alimkumbatia kwa nguvu, kama mtu anayetaka kusema neno na mdomo umekataa.

Kouraichia alimenya chenza, akamtazama mgongo. Aliupenda mgongo ule tangu siku ya kwanza alipouona, umeinama ndani ya jokofu la harusi ya binamu yake. Lakini siku hiyo ulimuudhi. Huko Mahajanga, katika nyumba yao ya mtaa wa Antanimasaja, mwanamume huyu hakuwahi kugongomea hata msumari. Bomba la jikoni lilivuja msimu mzima wa mvua, na huyu fundi wa majokofu, anayelipwa na kiwanda cha kugandisha kamba wa baharini ili mashine zisisimame, alilipita kila asubuhi kana kwamba ni bomba la jirani. Hatimaye mama yake Kouraichia akamwita fundi wa barabarani.

"Nyumbani hufanyi hivi," akasema.

Tadjiddine akaacha kukaza. Akaangalia bahari kwa muda, halafu akarudi kwenye bawaba yake.

"Nyumbani milango haikwaruzi," akajibu.

Ilikuwa Julai, mwaka wa themanini na sita. Walikuwa na mwaka na nusu wa ndoa.

* * *

Kabla ya adhuhuri Bi Zaïnaba alimwita Kouraichia wafuatane kwenda kuchukua mayai kwa Ahamada, juu ya kilima. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na uso wake aliupaka msindano, ule unga wa njano wa mti uliosagwa, kila asubuhi kuukinga na jua. Alizungumza Kimalagasi cha kisiwa chao cha Nosy Be kwa kasi, akichanganya na Kikomoro kidogo kwa heshima ya mgeni.

"Mmeoana mwaka wa ngapi?"

"Wa pili, shangazi."

"Na bado mnatazamana vile? Sisi mwaka wa pili tulikuwa tunatazama sufuria."

Kouraichia akacheka. Njia ilipita kati ya milangilangi ya zamani, ile miti ya maua ya manukato, iliyokatwa vichwa ikapindwa matawi hadi usawa wa kifua ili wachumaji wasipande. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuumiza kichwa. Walipotoka kwenye miti ile, mbele yao ikasimama nyumba mpya. Kuta za matofali, bati linalomeremeta, madirisha ya mbao mbichi. Chini yake ilionekana bahari yote mpaka visiwa vya mbali.

Bi Zaïnaba akasimama kupumua.

"Haya, umeamua rangi gani? Mimi nilimwambia kijani. Akasema hilo ataamua Koura mwenyewe."

"Rangi ya nini, shangazi?"

Bi Zaïnaba akamtazama. Akatazama madirisha. Akatazama ndani ya kikapu chake, na kikapu kilikuwa kitupu.

"Twende tukachukue mayai."

"Rangi ya nini?"

"Mimi ni mtu mzima, mwanangu. Sipendi kuingia kati ya mtu na mkewe."

"Umeshaingia."

Bi Zaïnaba akaketi juu ya rundo la matofali yaliyobaki, akajipepea kwa ncha ya leso. "Kiwanja ni cha marehemu kaka yangu. Tadji amekuwa akituma fedha tangu mwaka jana. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana mmekuja." Akasonya. "Huyu mtoto ni mjinga. Baba yake pia alikuwa hivyo, kimya kimya, kimya kimya, halafu unaona ng'ombe uani."

Kouraichia hakumsikia tena. Alikuwa ameshausukuma mlango.

Ndani kulikuwa na harufu ya saruji. Chumba cha kwanza kitupu. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda kipana na godoro ambalo halijatolewa nailoni yake. Dirishani kioo cha kujitazamia, kimeegeshwa. Jikoni sufuria mbili mpya, moja ndani ya nyingine.

Alisimama mbele ya godoro lile. Kwao, yaani kwa Wakomoro wa Mahajanga, nyumba ni ya mwanamke. Mama humjengea binti, na siku ya ndoa mwanamume huja na nguo zake akaingia. Mwanamume wa namna hiyo akijenga nyumba mahali pengine, hakuna anayeuliza anajenga ya nini. Kinachoulizwa ni jina la mwanamke. Baba yake Kouraichia alijenga nyumba mtaa wa Tanambao, na Kouraichia alikuwa na miaka tisa alipoliona godoro jipya likishushwa garini, halikushushwa kwao. Tangu hapo baba alilala kwa zamu, huku na kule, na mama hakulia hata mara moja mbele ya watu. Ila kila siku ya zamu ya Tanambao alifua nyumba nzima, mapazia, shuka, hata mifuko ya mchele.

* * *

Tadjiddine alifika akihema. Shangazi yake alikuwa amemtumia mtu, au pengine alimpigia kelele kutoka kilimani. Aliingia moja kwa moja, akaweka bisibisi juu ya ukingo wa dirisha, akaegemea ukuta. Kouraichia aliyaona yote hayo. Katika nyumba yake yeye, mume wake hakuwahi kuegemea ukuta.

"Koura."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Utakayemweka humu."

Tadjiddine alicheka. Kisha akauona uso wa mkewe, na kicheko kikamkauka.

"Hakuna mtu. Wallahi, hakuna mtu."

"Baba yangu alisema ni ghala la mchele. Ghala likazaa watoto watatu."

"Mimi si baba yako."

"Hata yeye hakuwa hivyo mpaka alipojenga. Nyumba ni ya nani?"

"Yetu."

"Mimi nina nyumba."

"Ndiyo," akasema Tadjiddine taratibu. "Wewe unayo."

Nje kuku wa Ahamada walikuwa wakiparua matofali. Kouraichia akaketi kwenye ncha ya godoro, nailoni ikalia chini yake.

"Kwetu ndivyo ilivyo. Ulijua kabla hujanioa. Mwanamke hatoki nyumbani kwake, mwanamume ndiye anayehama."

"Nilijua. Nikahama. Huku kwetu wananicheka mpaka leo, wanasema Tadji ndiye aliyeolewa, nami sikujali." Alizungumza akitazama sakafu. "Mwaka na nusu, Koura. Nguo zangu bado zimo sandukuni, chini ya kitanda."

"Kabati lipo."

"Kabati la mama yako. Nikifungua mlango wake, anauliza kutoka ukumbini natafuta nini. Alikuja Bourhane, rafiki yangu wa utotoni, nikamwandalia chai. Mama yako akaingia mbele yake, akauliza nani amefungua sukari."

Kouraichia alitaka kucheka, maana aliisikia kabisa sauti ya mama yake. Hakucheka.

"Ungesema."

"Ningesema wapi? Ndani ya nyumba ya nani?"

"Ungeniambia mimi. Mimi ni mkeo. Badala yake umenileta huku ukaniweka juu ya mkeka, bahari, machenza, shangazi mkarimu. Umenileta kama ng'ombe anayeonyeshwa majani."

Tadjiddine akafikiri. Alikuwa mtu asiyeweza kudanganya akiulizwa jambo waziwazi, na hilo ndilo lililomfanya anyamaze mara nyingi.

"Ndiyo," akasema. "Nilitaka kwanza upapende. Hoteli ya hapo chini inatafuta fundi wa majokofu na jenereta. Wananitaka. Nimeahidi kuwajibu kabla hatujaondoka."

"Na mimi ungeniambia lini? Ndani ya ndege?"

"Kila asubuhi nilisema leo. Halafu naona kitu kimelegea, naanza kukikaza."

Alikuja akachuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya mashine, akaizuia isimguse.

"Shule ipo Andilana. Nimeuliza, wanahitaji walimu. Rangi ya madirisha utachagua wewe. Kila kitu utachagua wewe."

"Sikiliza, Tadji." Sauti ya Kouraichia ilikuwa ndogo sasa. "Nyumba ya mama yangu si matofali. Kwetu hakuna mwanamke anayeambiwa toka. Baba alipoleta maneno yake, mama alimwonyesha mlango, akabaki yeye na mabinti zake na paa lao. Nikija hapa, siku ukikasirika, siku nikizeeka, siku ukimpata mwingine, utaniambia toka. Nami nitatoka. Nitakwenda wapi?"

"Sitakuambia."

"Kila mwanamume husema hivyo siku anaposema hivyo."

Tadjiddine akainuka, akaenda dirishani. Akaichukua bisibisi yake ukingoni, akairudisha palepale.

"Mimi nilishaambiwa," akasema.

"Na nani?"

"Mama yako. Siku ya Idi. Nilivunja kile kikombe chenye mstari wa dhahabu, akasema, wewe bwana, siku moja nitakukabidhi sanduku lako uende zako. Watu wote wakacheka."

Kouraichia alikumbuka. Alikumbuka sahani ya vitumbua mkononi mwake, wageni, na kicheko. Alikumbuka pia kwamba alicheka kuliko wote.

"Ulikuwa utani," akasema.

"Najua. Mimi pia nilicheka."

"Na nikikataa kuja huku?"

"Nitauza bati, tutarudi Mahajanga."

"Na utafurahi?"

"Umeuliza nitafanya nini, nimekujibu. Hukuuliza kama nitafurahi."

* * *

Baada ya hapo Tadjiddine hakutengeneza kitu tena. Alikaa juu ya mkeka kama alivyoambiwa, miguu imenyooshwa, akila machenza, na hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Walioga baharini, maji vuguvugu yanafika kifuani, wakatazamana wakasahau kidogo, kisha mmoja akakumbuka na mwenzake akaona kwamba amekumbuka. Walikula kaa wa kuchoma kwa vidole. Mtalii mmoja mwanamke, ngozi imeiva kwa jua, aliwaomba awapige picha, maana alisema kwa Kifaransa kwamba hajaona watu wenye raha namna ile. Wakapigwa picha.

Kila mara Kouraichia aliinua macho kuelekea kilimani. Bati lilikuwa likimeremeta, na akajikuta anawaza mambo ya kipuuzi. Buluu, si kijani. Kijani hufifia. Jiko liko upande wa upepo, moshi utaingia ndani, lazima dirisha la pili. Akajikemea. Baada ya muda akarudi palepale.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, akasimama akakunguta mchanga kwenye leso yake.

"Kabadilishe tiketi. Tunarudi kabla ya wakati."

Tadjiddine akapauka. "Umekataa."

"Sijakataa. Nakwenda kumwona mama."

"Kumwambia nini?"

"Sijui. Nitajua nikimwona."

* * *

Ndege ilitua Amborovy, uwanja wa ndege wa Mahajanga, asubuhi, na teksi ikawashusha Antanimasaja, kona ya mtaa wao. Tadjiddine akaweka mizigo chini, akaketi juu ya ukuta mfupi ulioelekeana na nyumba.

"Ingia peke yako," akasema. "Nikiwepo ataniuliza kama nimekula, na mazungumzo yataishia hapo."

Bi Halimati alikuwa ukumbini, mkasi mkononi, anakata kitambaa cha sare za wateja wake. Alimtazama binti yake kuanzia miguuni.

"Mmerudi mapema. Amekupiga?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmegombana?"

"Si sana."

"Basi una mimba."

"Mama."

"Nauliza. Kaa. Mbona umekuwa mweusi hivyo, huko hakuna kivuli?"

Kouraichia aliketi akasema yote kwa mkupuo, kwa sababu mama yake hakuwa mtu wa kusikiliza hadithi ndefu. Nyumba, kiwanja, hoteli, shule. Mkasi uliendelea kukata. Ulisimama alipofika kwenye godoro.

"Ana mwanamke."

"Hana."

"Umejuaje?"

"Nimemuuliza."

"Mimi pia nilimuuliza baba yako."

"Baba alikujibu akitazama pembeni, ulituambia mwenyewe. Tadji alijibu akinitazama, halafu ndipo akaona haya." Akaokota kipande cha kitambaa sakafuni. "Anataka mahali ambapo anaweza kugongomea msumari, mama. Ni hilo tu."

"Nani alimkataza hapa?"

"Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemwambia agongomee."

Bi Halimati akaweka mkasi juu ya kitambaa. "Nilishona nguo za watu miaka mingapi kujenga vyumba hivi? Nilikujengea ili mwanamume yeyote asikushike shingo. Sasa unakwenda mwenyewe kumpelekea shingo."

"Ndiyo."

"Vizuri. Basi na mimi niseme langu. Mdogo wako Sitti amechumbiwa na Houssen tangu Ramadhani, na sina nyumba ya kumpa, na wakwe wameanza kuuliza. Nyumba haikai ikimsubiri mtu aliyehama. Ukitoka, ni ya Sitti. Leo, kesho, siku zote. Siku ukirudi hutanikuta nikimwamsha mdogo wako na mumewe wakupishe. Umenielewa?"

Kouraichia alizitazama kuta. Alijua kila ufa. Alijua mahali ambapo Sitti aliwahi kuandika jina lake kwa mkaa akachapwa. Kwa muda aliona wazi kabisa kwamba anafanya ujinga, kwamba mwanamke mwenye kazi na paa hana sababu ya kuviacha kwa ajili ya mgongo wa mtu.

"Mpe Sitti," akasema.

"Fikiri."

"Nimefikiri mpaka nikashindwa kulala kando ya bahari ambayo watu hulipa ili walale. Mpe Sitti."

"Sitti," akaita Bi Halimati bila kupaza sauti, na Sitti akatokea nyuma ya pazia palepale, macho yamejaa machozi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kumweleza chochote. Alimkumbatia dada yake shingoni akanong'ona samahani, samahani, mpaka mama yake akamwambia aache kulowesha kitambaa cha watu.

Bi Halimati akachukua tena mkasi. Safari hii haukukata.

"Siku akikuambia toka," akasema, "usije hapa kusema hukuambiwa."

"Nije wapi, mama?"

Mama yake alinyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

"Utakuja hapa. Lakini usiseme hukuambiwa."

Kouraichia akatoka nje. Jua la Mahajanga lilimpiga usoni. Tadjiddine aliinuka ukutani, na kwa namna alivyoinuka, haraka na kwa woga, Kouraichia alijua kwamba mumewe hakuwa na uhakika wa jibu hata chembe.

"Amesemaje?"

"Nyumba ni ya Sitti."

Tadjiddine akaigeukia nyumba. Alikuwa ameishi humo vya kutosha kujua maana yake. Hakufurahi, na Kouraichia akampenda kwa hilo kuliko ambavyo angempenda kwa furaha.

"Koura, tunaweza bado..."

"Usiniambie tunaweza. Nitabadilisha mawazo, kisha nitakuchukia."

"Sawa." Akayatazama mabegi. "Basi leo tunalala wapi?"

"Kwa Sitti. Kama atatukaribisha."

Walivuka barabara pamoja. Mbele ya mlango ule ambao alikuwa ameuingia tangu alipojifunza kutembea, Kouraichia akasimama, akashusha begi.

"Hodi," akasema.

Ndani zilisikika sauti mbili zikibishana kwa kunong'ona, nani aitikie.

"Hodi," akarudia.

"Karibuni," ikajibu sauti ya Sitti.

Mlango ulikuwa wazi, lakini Kouraichia hakusogea. Hakujua mtu huingiaje. Tadjiddine, aliyekuwa na uzoefu, akamshika mkono akamwonyesha: akavua viatu kando, akasubiri kidogo, akainamisha kichwa, akaingia.